Moto Ulioingia kwa Bwanali

Msomaji aliyekuwa nasi tangu mwanzo bado ana moshi puani. Kwa anayeingia leo, mambo yalikuwa hivi.

Alfredi, mzee wa kanisa wa Chilangala, mtu aliyeacha pombe mbele ya madhabahu na kanisa zima likapiga vigelegele, alikuwa akichoma majani aliyoyafagia chini ya mikorosho yake. Akapita Fikirini, mwenzake wa zamani wa vilabuni, amebeba galoni la uraka, ile pombe ya mabibo.

"Onja tu, mzee. Mabibo ya mwaka huu yana sukari."

Alfredi akaonja. Akaongeza. Akamfuata Fikirini mpaka kibandani kwake, na huko usingizi ukamchukua. Alipoamka, moto aliouacha ulikuwa umeingia shambani kwa jirani yake Bwanali.

Alikimbia, akaungana na wengine kuuzima kwa matawi mabichi na mchanga, maana maji ya kumwagia moto Newala nani anayo? Akamvuta Bwanali kutoka katikati ya miali kwa mikono yake mwenyewe. Watu wakamsifu. Hakuna aliyemuuliza ametokea wapi.

Walimkuta Dadi kichakani, kijana mwinda panya, na jembe lake na kijinga cha kufukizia mashimo. Mkononi ana moto, mbele yake shamba linaungua: vijana wa kijiji hawakuhitaji ushahidi mwingine. Bila mtendaji wa kijiji kuwahi, wangemuua palepale. Akafungiwa chumba cha nyuma cha ofisi ya kijiji.

Alfredi aliyaona yote hayo. Akanyamaza, akaenda kulala.

*

Asubuhi mtendaji mwenyewe alipiga hodi. Jina lake Ambakisye, mtu wa Mbeya, mpole lakini hazunguki.

Magdalena, mkewe Alfredi, alikuwa uani anafua. Alikuwa ametumia ndoo nzima ya maji ya kununua kwa shati moja la mumewe.

"Mzee Alfredi, pole na ya jana," Ambakisye alisema baada ya kuketi. "Kila mtu anasema, bila wewe leo tungekuwa tunachimba kaburi la Bwanali."

"Tumshukuru Mungu."

"Sikai sana. Polisi wanatoka Newala leo kumchukua Dadi. Kabla hawajaondoka naye nataka mkutano, alasiri, kila mtu asikie kwa masikio yake. Sasa, shamba lako na la Bwanali yamepakana. Jana ulimwona Dadi maeneo yale?"

Alikuwa amemwona. Dadi alipita mapema, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaenda zake. Hilo lilikuwa kweli tupu. Alfredi angeweza kulisema bila kuwa mwongo, na lingetosha kummaliza kijana wa watu.

"Nilimwona," alisema.

"Ana moto?"

"Alikuwa na vitu vyake vya panya."

"Inatosha. Na wewe moto ulipoanza ulikuwa wapi?"

Alfredi alifungua kinywa.

"Alikuwa hapa nyumbani." Ilikuwa sauti ya Magdalena kutoka uani. Hakugeuka, mikono yake iliendelea kukamua shati. "Kichwa kilikuwa kinamuuma, amelala. Mimi ndiye niliyemwamsha nilipoona moshi."

Ambakisye akaridhika, akaaga, akaondoka.

Alfredi alitoka kwenda uani taratibu kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu.

"Mama Helena, kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Sikukuomba."

"Hukuniomba, ndiyo. Ulikaa pale umetoa macho. Nani angejibu?" Alilitupa shati kwenye kamba. "Nimelala na mlevi miaka yote ile, Baba Helena. Unadhani moshi unaficha harufu ya uraka? Nilijua tangu ulipoingia mlangoni."

Alfredi akashika kamba ile.

"Basi unajua kwamba Dadi hana kosa."

"Dadi hana mke, hana mtoto. Atakaa kidogo, atatoka, watu watasahau. Wewe ukisema, nani atasahau? Helena ameshaposwa. Wale wakwe wamekuja kwa sababu baba yake ni mzee wa kanisa." Sauti yake ikashuka. "Na mimi? Nirudi tena kwetu Lupaso na begi kichwani? Kaka zangu walinikataza kurudi kwako. Niliwaambia mume wangu amebadilika, nikawaapia. Niende nikawaambie nini sasa?"

"Ni Fikirini, Magdalena. Fikirini asingepita na lile galoni..."

"Usinitajie Fikirini!" alimkata. "Kunywa ulijua mwenyewe. Angalau kunyamaza nako ujue."

*

Alfredi alimuaga mkewe kwamba anakwenda Newala hospitalini kumwona Bwanali. Hakuwa mwongo. Ila alipofika mjini, alimwambia kijana wa bodaboda amshushe kanisani kwanza.

Padri Benjamin alikuwa juu ya ngazi, anasafisha mifereji ya bati inayopeleka maji ya mvua kisimani. Alipouona uso wa Alfredi, alishuka bila kuitwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba."

"Milele na milele. Kuna nini, Baba Helena?"

"Nimeanguka. Nataka kuungama."

Waliingia ndani. Alfredi alipiga magoti akaanza, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka.

"Shetani alinivizia, Baba. Alijua udhaifu wangu uko wapi. Akamtuma Fikirini. Shetani akanifumba macho, nikauacha moto. Shetani akanifunga ulimi mbele ya mtendaji. Shetani..."

"Ngoja kwanza," padri alisema. "Kiberiti kilikuwa cha nani?"

"Changu."

"Uraka ulishikiwa mdomoni ukamiminiwa?"

"Hapana. Nilishika mwenyewe."

"Na leo asubuhi mtendaji alipokuuliza, Fikirini alikuwepo pale sebuleni?"

"Hakuwepo."

"Basi tumwache Fikirini aende. Na Shetani naye tumpumzishe kidogo. Kuita anaita, hata mimi ananiita. Jana aliyeitika ni nani?"

Alfredi aliinamisha kichwa.

"Mimi."

"Sasa ndiyo umeanza kuungama."

Alilia. Padri hakumkatiza wala hakumbembeleza. Kilio kilipokwisha, Alfredi alijifuta kwa mkono wa shati, akasema, "Nipe maondoleo, Baba, nikapumzike."

"Mungu hajawahi kumnyima anayetubu. Lakini kuna mtu amefungiwa chumbani kule Chilangala, amekaa mahali pako. Unataka nikunyooshee mkono hapa, ujisikie mwepesi, halafu?"

"Nikisema, mke wangu ataaibika. Ameshasema uongo kwa ajili yangu."

"Ataaibika, ndiyo."

"Na posa ya binti yangu itavunjika."

"Pengine itavunjika. Sitakudanganya, Baba Helena, kwamba ukisema kweli mambo yatakuwa mazuri. Yanaweza kuwa mabaya kuliko sasa. Lakini yatakuwa yako, si ya Dadi." Padri alisimama. "Ulichokisema hapa kinabaki hapa. Siwezi kukisema kwa niaba yako, hata nikitamani. Nenda ukatende toba, kisha urudi."

Alfredi alitoka nje akiwa na maneno hayo mawili: kinabaki hapa. Alipokuwa anavuka barabara aliona aibu kwamba yalikuwa yamempa nafuu.

*

Hospitalini alimkuta Bwanali kitandani, mikono imefungwa bandeji mpaka viwikoni. Mkewe Faudhia alikuwa anamnywesha uji kwa kijiko.

"Huyo hapo!" Faudhia aliwaambia wagonjwa wa vitanda vya jirani. "Huyu ndiye aliyenirudishia mume. Karibu, shemeji, karibu uketi."

Alfredi hakuketi.

"Unaendeleaje, kaka Bwanali?"

"Mungu mkubwa. Mikorosho ya marehemu baba imekwisha, lakini mwenyewe nipo, na sababu ni wewe. Nikitoka hapa, jirani, usiniite tena jirani. Sisi ni ndugu."

Wodi nzima ilikuwa inamtazama kwa macho ya upendo. Alfredi alisogea karibu na kitanda.

"Usiniite ndugu kwanza," alisema. "Ule moto ni wangu."

Kijiko cha Faudhia kilisimama hewani.

"Wako vipi?"

"Nilikuwa nachoma majani. Nikauacha ukiwaka, nikaenda kunywa uraka, nikalala. Nilipoamka ulikuwa umeshaingia kwako. Dadi hakufanya kitu. Ni mimi."

Bwanali hakupiga kelele. Aliinua mikono yake ile miwili, akaitazama kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

"Maneno haya," aliuliza mwishowe, "umemwambia nani kabla yangu?"

"Padri."

"Padri. Kwani mikono hii ni ya padri?"

Alfredi alirudi nyuma hatua moja.

"Mtoe nje, Faudhia, kabla sijatamka neno baya."

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia akiitwa kwa jina lake, si jirani tena wala ndugu.

"Alfredi! Polisi walinipigia simu leo. Niliwaambia namshuku Dadi. Kwa neno langu wanakwenda kumchukua. Sijui kama nitakusamehe. Pengine siku moja, pengine kamwe. Lakini kijana yule asilale polisi kwa neno langu. Kayaseme kijijini, usiishie hapa."

Faudhia alimsindikiza mpaka nje, na hapo akamsimamisha.

"Wewe uliyemtoa motoni ndiwe uliyemtia," alisema, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Sasa niambie, shemeji. Nikushukuru au nikulaani?"

*

Njiani simu ilimlia mfululizo. Alijua ni Magdalena. Hakuipokea.

Alipofika Chilangala, gari la polisi lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya ofisi ya kijiji na watu wamejaa. Magdalena alikuwa amekaa na akina mama wa kanisa upande wa mbele. Fikirini alikuwa ameegemea ukuta, kofia imemfunika nyusi. Alfredi alibaki nyuma kabisa, anatweta.

Dadi alikuwa amesimamishwa katikati. Midomo yake imekauka, jicho moja limevimba kwa kipigo cha jana.

"Sema mwenyewe, Dadi," Ambakisye alimwambia. "Hakuna atakayekugusa."

"Asubuhi nilifukiza shimo moja," Dadi alisema. "Nikapata panya, nikauzima moto. Niliukanyaga kwa miguu hii. Naamini niliuzima." Akaitazama miguu yake. "Lakini kijiji kizima mnasema ni mimi. Nimewaza usiku kucha, na sasa hata mwenyewe sijui tena. Labda sikuuzima vizuri. Basi. Labda ni mimi."

"Amekiri!" mtu alipaza sauti, na watu wakalipuka.

Kila kitu kilikuwa kimejimaliza chenyewe. Magdalena aligeuka, akamtafuta mumewe kwa macho, akampata. Uso wake ulikuwa unasema: tumepona.

Na hapo jaribu likamjia Alfredi kwa sauti ya chini kuliko zote za mwanzo. Huenda kweli ni moto wa Dadi. Wewe ulikuwa umelala, ulimwona nani? Kijana mwenyewe amesema. Unajua kuliko yeye?

Lakini alikuwa anajua. Jana, kabla hajaungana na wenzake, aliiona njia nyeusi ya majani yaliyoungua, imetoka kwenye lundo lake moja kwa moja mpaka kwa Bwanali. Watu walipokuja kukanyaga na kutupa mchanga, ikapotea. Hakuna mwingine aliyeiona.

Alianza kupenya katikati ya watu. Walimpisha kwa heshima, wakidhani anakwenda kuomba sala.

"Moto ule ni wangu," alisema.

Waliokuwa karibu walinyamaza. Wa mbali wakaulizana amesema nini.

"Mzee, kaa," Ambakisye alimwambia kwa upole. "Tangu jana hujapumzika."

"Sijachoka, Bwana mtendaji. Dadi hana kosa. Nilikuwa nachoma majani, akapita Fikirini na uraka, nikaacha moto nikaenda kunywa. Hakunilazimisha. Nilikunywa kwa hiari yangu, nikalala kwake. Moto ukatoka shambani kwangu."

Vichwa vyote viligeukia ukutani.

"Fikirini, ni kweli?" Ambakisye aliuliza.

Fikirini aliinua kofia. Alimtazama askari aliyeegemea gari, kisha Bwana mtendaji, kisha akacheka kicheko kikavu.

"Uraka? Mimi na mzee wa kanisa? Jamani! Mzee huyu akiniona njiani anabadilisha barabara. Sijakaa naye tangu aokoke."

Watu wakacheka naye. Ambakisye hakucheka. Alimgeukia Magdalena.

"Mama Helena, asubuhi uliniambia mumeo alikuwa nyumbani, amelala. Sasa yeye anasema mengine. Nimwamini nani?"

Magdalena aliinuka, akajifunga kanga upya kiunoni. Alimtazama mumewe. Alfredi alitikisa kichwa polepole, akimsihi kwa macho asiseme.

"Alikuwa nyumbani," alisema Magdalena, na sauti haikumtetemeka hata kidogo. "Mume wangu ana moyo laini. Hawezi kuona kijana wa watu anapelekwa jela. Anataka kuubeba msalaba usio wake."

Mama mmoja wa kanisa alipiga kigelegele. Wa pili akampokea.

"Huyo ndiye Mkristo!" alisema mzee mmoja, macho yakimlowa. "Mmeona wenyewe!"

"Nasema kweli!" Alfredi alipaza sauti. "Jamani, nisikilizeni! Ni mimi!"

Kadiri alivyopiga kelele ndivyo walivyozidi kumbariki. Mikono ilimshika mabegani, ikampapasa mgongoni. Alikuwa ametoka kuungama dhambi yake mbele ya kijiji, na kijiji kilikuwa kinamfanya mtakatifu.

Katikati ya vigelegele hivyo askari alimshika Dadi mkono, akampandisha nyuma ya gari.

Alfredi alijipapatua akasukuma watu, akafika kwenye gari injini ikiwa imeshawashwa. Dadi alikuwa amekaa kwenye benchi la chuma, mikono katikati ya magoti.

"Mzee," Dadi alimwita, na hakukuwa na hasira kwenye sauti yake. "Yale uliyosema ni kweli, au unanionea huruma?"

"Ni kweli, mwanangu."

Dadi akasogea, akaacha nafasi pembeni yake.

"Basi panda."

Alfredi alishika chuma, akaweka mguu mmoja juu.

"Mzee, mkeo amekutetea mbele ya kijiji kizima," askari alimwambia. "Una uhakika?"

"Nina uhakika. Nitaandikisha maelezo kituoni."

Askari aliinua mabega. "Panda, basi. Utayasema huko."

"Baba Helena!" Vigelegele vilikatika. Magdalena alikuwa amesimama nyuma ya gari, anahema. Alikaribia akasema kwa sauti ya chini, ya wao wawili tu. "Ukipanda hapo, mimi jioni niko Lupaso. Na safari hii usinifuate. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nimeuza roho yangu kwa ajili yako leo. Mara mbili."

"Sikukuambia uiuze, Magdalena. Lakini nilikuacha uiuze asubuhi, nikakaa kimya. Hilo nalo ni langu."

Mguu wake mmoja ulikuwa bado ardhini. Aliutazama, akauinua, akakaa kando ya Dadi.

Gari likaondoka. Watu wakabaki wameduwaa, wengine bado mikono imeinuliwa kwa baraka. Alfredi hakugeuka nyuma. Ni Dadi aliyegeuka.

"Mzee, mama anakimbia."

Magdalena alikuwa katikati ya vumbi, kanga imemwanguka, viatu ameviacha, anakimbia nyuma ya gari huku amenyoosha mkono. Askari akagonga bati kwa kiganja, na dereva akasimama.

Alifika akaushika ukingo wa gari kwa mikono yote miwili. Kwa mbali nyuma yake akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja, Ambakisye mbele yao, na Fikirini akiwa anarudi nyuma polepole kuelekea vichakani.

"Una neno, mama?" askari aliuliza.

"Ninalo."

"Liseme sasa, maana likishaandikwa kituoni halifutiki."

Magdalena alimtazama Dadi, jicho lile lililovimba. Kisha akamtazama mumewe. Alfredi hakutikisa kichwa safari hii wala hakumsihi. Alijua neno hilo si lake kulichagua.

Magdalena akavuta pumzi, akafungua kinywa.